Fomula ya Umaskini: Kwa Nini Tusionyeshwe Hesabu?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Leo sitaandika juu ya simu mpya wala juu ya Linux. Nataka tuzungumze juu ya programu moja ya kompyuta ambayo mwaka 2023 ilipewa kazi ya kuamua ni mwanafunzi yupi wa chuo kikuu hapa Kenya ni maskini, na ni maskini kiasi gani.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Umaskini nao sasa una programu yake.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usipate taabu ya kunitafuta. Sipingi serikali kumsaidia zaidi mwenye shida zaidi. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Ninachopinga ni hesabu ya siri. Fomula inayoamua nani apewe pesa za umma inapaswa kuchapishwa, tena kwa lugha rahisi, hadi mwanafunzi wa kijijini aweze kuipiga mwenyewe kwa kalamu na karatasi kabla hajatuma maombi. Kama haiwezi kuelezwa hivyo, basi haifai kutumika kwa watoto wa watu.

Haya, twende polepole.

Tulikotoka

Mimi nilisoma chini ya mfumo wa zamani. Wakati huo mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikakilipa chuo sehemu kubwa ya gharama iliyobaki. Mtoto wa mkulima wa mahindi na mtoto wa mbunge waliketi ukumbi mmoja na kulipa 16,000 ile ile. Tofauti ilikuja kwenye mkopo wa HELB, ile bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Fomu yangu ya kwanza ya HELB niliichapisha saiba, kisha nikaizungusha kwa wazazi, wadhamini, chifu, kiongozi wa dini na wakili, kila mmoja na muhuri wake. Wenzangu wa miaka ile mnakumbuka viatu vilivyoisha soli.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro mbili kubwa. Kwanza, tajiri alipata ruzuku sawa na maskini. Pili, pesa zenyewe hazikutosha. Wanafunzi waliongezeka, serikali ikashindwa kulipa kiwango ilichokuwa imepanga, vyuo vikazama kwenye madeni. Ndipo tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya, na waliofanya KCSE ya mwaka 2022 wakawa wa kwanza kuupitia.

Wazo la mfumo huo ni jepesi kueleza. Pesa zimfuate mwanafunzi badala ya kupelekwa kwa chuo kwa jumla. Gharama ya kozi igawanywe mafungu matatu: ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, mkopo wa HELB ambao utaulipa ukipata kazi, na sehemu ya familia. Maskini apate ufadhili mwingi, mwenye nacho apate kidogo. Mwaka wa kwanza wanafunzi waligawanywa katika makundi manne. Mwaka 2024 yakawa bendi tano, kwa kipato cha familia kwa mwezi:

- Bendi ya 1, hadi shilingi 5,995: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5.
- Bendi ya 2, hadi shilingi 23,670: ufadhili asilimia 60, mkopo 30, familia 10.
- Bendi ya 3, hadi shilingi 70,000: ufadhili asilimia 50, mkopo 30, familia 20.
- Bendi ya 4, hadi shilingi 120,000: ufadhili asilimia 40, mkopo 30, familia 30.
- Bendi ya 5, zaidi ya shilingi 120,000: ufadhili asilimia 30, mkopo 30, familia 40.

Sasa, nani anakupeleka kwenye bendi yako? Hapo ndipo programu yetu inapoingia. Kuna kipimo cha uwezo wa familia kinachojulikana kwa herufi tatu, MTI. Mwanafunzi anajaza maswali kwenye tovuti: wazazi wako hai au la, familia ina watu wangapi, unatoka eneo gani, una ulemavu, umechaguliwa kozi gani, na kadhalika. Mambo yanayoangaliwa yalitajwa hadharani, hilo nakubali. Lakini kila jambo lina uzito gani? Yatima anapata pointi ngapi? Ndugu watatu walio shuleni wanashusha bendi kwa kiasi gani? Mwanafunzi alipewa namba ya bendi. Hakupewa hesabu iliyoizaa namba hiyo.

Matokeo tuliyaona Agosti 2024. Wanafunzi na wazazi walipiga kelele kwamba wamewekwa bendi zisizowafaa. Dirisha la rufaa likafunguliwa, Rais akaunda kamati ya kuupitia mfumo. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akatamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo wakati rufaa ikisubiri.

Mawakili wana yao ya kusema, na wanayasema vizuri kuniliko. Mimi naandika kama mtu anayeandika programu. Na kama mtu ambaye aliwahi kuandika programu ya aina hii, akakosea.

Kasoro niliyoiandika kwa mikono yangu

Miaka michache iliyopita chama kimoja cha maendeleo kule nyumbani kiliniita. Kila mwaka kinachangisha pesa na kutoa basari kwa vijana wanaoingia vyuoni. Maombi yalikuwa yamefika zaidi ya mia moja, na wazee wa kamati walikuwa wakibishana hadi usiku wa manane juu ya nani apate. "Wewe ni mtu wa kompyuta," mweka hazina akaniambia. "Tutengenezee kitu kitakachotuamulia bila mapendeleo."

Bila mapendeleo! Nilivimba kichwa. Wikendi mbili nikawa nimemaliza. Programu ndogo tu kwa lugha ya Python: kipato cha baba, kipato cha mama, idadi ya watoto walio shuleni, ukubwa wa shamba, aina ya paa la nyumba. Kila kimoja na pointi zake, jumlisha, panga kutoka mwenye shida zaidi hadi mwenye nafuu. Nikaijaribu mara kadhaa. Ikaenda kama maji.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Baadhi ya waombaji waliacha nafasi wazi kwenye fomu, na kompyuta haiwezi kujumlisha nafasi wazi. Nikafanya tulichofundishwa darasani: palipo wazi, jaza kipato cha kati cha waombaji wengine. Mstari mmoja wa msimbo. Sikuufikiria mara mbili.

Siku ya mkutano orodha ikasomwa ukumbini pamoja na pointi za kila mmoja. Wazee wakafurahi. Kisha mama mmoja wa kamati, anauza mboga pale stendi, akainua mkono.

"Mwanangu, huyu msichana aliye namba sitini na kitu. Mbona yuko huko chini? Baba yake tulimzika mwaka juzi. Na mamake tulimzika kabla yake."

Nikafungua tarakilishi yangu mbele ya watu. Yule binti aliacha wazi kipato cha baba na kipato cha mama kwa sababu hakuwa na cha kuandika. Programu yangu ilikuwa imemfufulia wazazi wote wawili na kuwapa mshahara.

Ndugu msomaji, sijawahi kuona aibu kama ile. Tulipotafuta tukapata waombaji wengine saba wa namna hiyo. Nikarekebisha pale pale, binti akapanda hadi nafasi ya nne, akapata basari yake.

Nataka uangalie jambo moja hapa. Programu haikukwama. Haikuonyesha ujumbe wowote wa hitilafu. Majaribio yangu yote yalipita. Kasoro ikizima seva, kila mtu anajua baada ya dakika mbili, simu zinaanza kulia. Kasoro inayomdhulumu mtu mmoja haipigi kengele. Inakaa humo kimya, mwaka hadi mwaka, na anayeumia anaambiwa "kompyuta imesema". Ile ya kwangu iligunduliwa kwa sababu mbili tu: pointi zilionekana, na mtu anayemjua yule binti alikuwa na haki ya kuuliza. Ningekuwa nimeleta majina ya waliofaulu peke yake, yatima wanane wangerudi nyumbani mikono mitupu, nami ningesifiwa.

Sasa chukua programu hiyo ya wikendi mbili, uikuze hadi ipime maelfu kwa maelfu ya vijana kwa mkupuo, kisha uondoe ukumbi, uondoe pointi, uondoe na mama muuza mboga. Unalala usingizi?

Ngazi ya bendi

Hata kama programu haina kasoro hata moja, bendi zenyewe zina tatizo la hesabu. Tufanye kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka, nimechagua namba hiyo kwa urahisi wa kuhesabu. Familia inayopata 70,000 kwa mwezi iko bendi ya 3. Italipa asilimia 20, yaani 40,000 kwa mwaka. Familia inayopata 70,001 iko bendi ya 4. Italipa asilimia 30, yaani 60,000. Shilingi moja zaidi kwa mwezi, shilingi 12 kwa mwaka, imegeuka mzigo wa shilingi 20,000. Na ufadhili umeshuka kutoka 100,000 hadi 80,000.

Wanaoandika programu mnalijua tatizo hili. Ni ngazi mahali ambapo palitakiwa mteremko. Mtu anayesimama ukingoni mwa kidato akikosea hatua anaanguka futi nzima. Na katika ngazi, kosa dogo la kukadiria kipato halibaki dogo.

Tena kadirio lenyewe si rahisi. Mpaka wa bendi ya 1 ni shilingi 5,995. Nakuuliza, ni mama mboga gani anayejua kipato chake cha mwezi hadi shilingi tano za mwisho? Mwezi wa mvua barabara haipitiki, sukuma wiki inaoza. Mwezi wa kiangazi bei inapanda. Mwendesha bodaboda anapata 800 leo, kesho pikipiki iko kwa fundi. Sehemu kubwa ya nchi hii inaishi kwa jua kali, na kipato cha jua kali hakimo kwenye hifadhidata yoyote. Kwa hiyo kompyuta inakisia. Inaangalia eneo unalotoka na vitu vingine, inasema "mtu wa namna hii kwa kawaida ni maskini kiasi hiki." Kukisia si dhambi, wakati mwingine hakuna njia nyingine. Dhambi ni kukisia kisha kutangaza jibu kana kwamba ulipima kwa rula.

Wenzetu walivyokosea, na walivyogunduliwa

Huenda utasema Kenya ndiyo tunaanza, tuvumilie. Basi tuwaangalie waliotutangulia kwa nusu karne.

Marekani ina ruzuku ya wanafunzi inayoitwa Pell. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka 1980 ikapewa jina la seneta Claiborne Pell wa jimbo la Rhode Island. Ni ya wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo na kwa kawaida hairudishwi. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2024/2025 kilikuwa dola 7,395. Kuomba ni kwa fomu iitwayo FAFSA, na kutoka kwenye fomu hiyo inapigwa namba inayoitwa SAI, inayopima uwezo wa familia.

Mambo mawili ya Pell yananipendeza kama mtu wa kompyuta. La kwanza, kwa wale walio kati ya maskini kabisa na wenye nafuu, ruzuku ni kiwango cha juu ukitoa SAI yako. Namba ikipanda dola kumi, ruzuku inashuka dola kumi. Huo ndio mteremko niliokuwa nikiutaja. La pili, fomula yote huchapishwa. Wizara yao ya elimu hutoa mwongozo wenye majedwali, mstari kwa mstari, toa hiki, jumlisha kile. Mtu anaweza kukaa mezani na kalamu akaipiga.

Je, hawakosei? Wanakosea vibaya sana! Desemba 2020 bunge lao lilipitisha sheria ya kuirahisisha FAFSA, ambayo ilikuwa na maswali zaidi ya mia. Fomu mpya ilitakiwa kuwa fupi. Kwa desturi fomu hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, lakini ile mpya ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 2023, tena kwa kusuasua. Wanafunzi ambao wazazi wao hawakuwa na namba ya hifadhi ya jamii walikwama, fomu haikukubali. Machi 2024 ikagundulika kwamba hesabu za wanafunzi wapatao 200,000 zilikuwa na makosa. Ofisi ya ukaguzi inayolitumikia bunge lao iliripoti Septemba mwaka huo kwamba katika miezi mitano ya kwanza simu milioni 5.4 zilipigwa kuomba msaada, na milioni 4 hazikupokelewa. Ukidhani huduma kwa wateja ya hapa kwetu ni mbaya, jipe moyo.

Lakini kosa ninalotaka ulikumbuke ni lingine. Fomula ina majedwali ya kiasi cha kipato ambacho familia inaachiwa kwa matumizi yake ya lazima kabla haijahesabiwa kuwa na uwezo wa kulipa karo. Majedwali hayo yalitakiwa kupandishwa kulingana na mfumuko wa bei. Hayakupandishwa ipasavyo. Maana yake familia zingeonekana tajiri kuliko zilivyo. Thamani ya kosa hilo ilikuwa dola bilioni 1.8 za misaada ambazo wanafunzi wangezikosa. Wataalamu wa nje walilipigia kelele, na Januari 2024 wizara ikasema italirekebisha.

Waliwezaje kuliona? Kwa sababu majedwali yalikuwa yamechapishwa! Mtu alikaa, akalinganisha na bei za sokoni, akasema hapa pana walakini. Lile jedwali lingekuwa ndani ya seva imefungwa, dola bilioni 1.8 zingepotea kimyakimya, na kila mwanafunzi angedhani ni bahati yake mbaya yeye peke yake.

Kwa hiyo usiniambie nawasifu Wamarekani. Walivuruga. Lakini walivuruga mahali palipo na taa.

"Wakijua fomula watadanganya"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kila nikizungumza jambo hili na rafiki zangu, hata walio kwenye fani yetu. Wanasema ukichapisha uzito wa kila swali, watu wataandika wana paa la nyasi ilhali wana ghorofa.

Ni hoja ya kweli, siidharau. Lakini jiulize, sasa hivi hawadanganyi? Tangu zama za fomu ya karatasi, barua ya chifu imekuwa na bei yake katika sehemu nyingine. Na anayejua hila za kujaza fomu ni nani? Ni yule mwenye binamu ofisini, mwenye rafiki mjini aliyejaza mwaka jana. Mtoto wa mfugaji kutoka Turkana anajaza kwa ukweli wake, na hajui hata ni swali lipi lina uzito. Siri haimzuii mjanja. Inamwumiza mkweli.

Katika fani ya usalama wa data tuna kanuni ya zamani. Mwaka 1883 mwanaisimu mmoja Mholanzi, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba mfumo wa maandishi ya siri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, mradi tu hana ufunguo. Yaani ukitegemea kuficha jinsi mtambo unavyofanya kazi, huna usalama, una matumaini. Ukitaka kuzuia udanganyifu, hakiki majibu: linganisha na usajili wa vifo, na umiliki wa ardhi na magari, tembelea wachache nyumbani bila kuwaarifu. Linda majibu ya mwanafunzi kwa kufuli kumi. Fomula iache nje watu waione.

Na naomba nisieleweke vibaya. Sisemi tubandike ukutani umaskini wa watoto. Hata kile kisomo cha ukumbini kule nyumbani, nikikumbuka sasa, kiliwaaibisha baadhi ya vijana, na mwaka uliofuata tulitumia namba badala ya majina. Data ni ya mwanafunzi. Fomula ni yetu sote.

Sheria tunayo tayari

Wala sidai kitu kigeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Ina ruhusa zake, kwa mfano pale sheria nyingine inapoagiza hivyo, lakini hata hapo mtu anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya au ufanywe upya bila kuachiwa mashine pekee. Katiba yetu, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 47 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa kiutawala unapomwumiza. Kuambiwa "wewe ni bendi ya 4" ni jibu. Sababu ni kitu kingine.

Basi tufanyeje?

Naona mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji wataalamu kutoka ng'ambo.

1. Fomula na uzito wa kila swali vichapishwe kabla maombi hayajafunguliwa, kwa Kiswahili na Kiingereza. Zikibadilishwa, ichapishwe nini kimebadilika na kwa nini.

2. Pawe na kikokotoo cha wazi, kisichouliza jina wala namba ya kitambulisho, kinachofanya kazi hata kwenye kabambe kwa kubonyeza nyota na reli. Mtoto wa kidato cha nne ajue mapema familia yake itadaiwa nini, asichague kozi gizani. Marekani wana kikokotoo cha namna hiyo kwa ajili ya Pell.

3. Matokeo yaje na maelezo. Mistari mitano inatosha: tulizingatia hiki na hiki, hiki kilikupandisha, hiki kilikushusha. Na palipoachwa wazi, aambiwe tulipajazaje! Hilo naliomba kwa uchungu wangu mwenyewe.

4. Rufaa isikilizwe na binadamu mwenye mamlaka ya kubadilisha matokeo, na kila rufaa inayoshinda ihesabiwe kuwa ripoti ya kasoro. Rufaa hamsini za yatima zikishinda, basi usitibu yatima hamsini mmoja mmoja. Rekebisha mstari wa msimbo.

5. Bendi tano ziwe mteremko. Kompyuta haichoki kuzidisha na kutoa. Hakuna sababu ya kihesabu ya kumwangusha mtu kwa shilingi moja.

Wapo watakaosema haya yote ni mapambo, tatizo lenyewe ni kwamba pesa hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, na fomula nzuri haizai pesa. Lakini pesa zikiwa chache ndipo inapotakiwa kugawa kwa uangalifu zaidi. Nyumba yenye sufuria tele hakuna anayemchunga mpakuaji. Ni siku ya nyama robo kilo ndipo kila mtoto anakodolea mwiko.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na kompyuta haijawahi kuona njaa kabisa. Inajua tu tulichoiambia. Sisi tunaoiambia tumekulia wapi, tumesahau nini, tumejaza nini mahali palipo wazi? Hatuwezi kujichunguza peke yetu. Mimi nilikuwa na shahada, nilikuwa na nia njema, na bado nilihitaji mama muuza mboga aninyoshee mkono. Yeye hajui Python. Alichohitaji ni kuonyeshwa orodha tu.

Yule binti alisomea uuguzi, na mwaka jana akahitimu. Tukikutana nyumbani hunisalimia kwa heshima, "Shikamoo kaka," akinishukuru kwa ile basari. Sijawahi kumwambia ilikuwa karibu imkose, wala kwa sababu ya nani. Pengine akisoma hapa atajua.

Haya, nisiwachoshe. Kama wewe au ndugu yako mmewahi kupewa bendi, niandikie uniambie mlielezwa nini. Na kama wewe ni miongoni mwa walioiandika programu yenyewe, niamini, sikulaumu. Najua wikendi hizo zilivyo. Tuonyeshe tu hesabu.